Mtungi Kwenye Shimo la Ndizi

Asubuhi ile nilimwomba Mungu mambo mawili tu: basi lisiharibike njiani, na mama yangu acheke hata mara moja kabla jua halijazama.

La kwanza alinipa bila kunisumbua. Tulitoka Kibondo majani yakiwa bado na umande, mimi, Mama, na Shangazi Dorcas aliyepakata kikapu cha karanga kama amebeba kitoto kichanga. Tulishuka Kasulu salama, tukanywa chai, tukatafuta bodaboda za kutupandisha mlimani kwa Makarius.

La pili lilikuwa gumu zaidi.

Mama yangu, Niyomwungere, si mtu mkali. Ni mtu aliyechoka kudanganywa. Marehemu baba alikuwa seremala hodari, na nyuma ya nyumba yetu alikuwa na shimo la kuivishia ndizi. Kila mtu wa huku kwetu analijua shimo la namna hiyo. Ndizi mbichi hufukiwa humo na kufunikwa kwa majani ya mgomba, zikishaiva hukamuliwa, na juisi yake huingia mtungini kuchacha mpaka iwe pombe. Shimo lile lilimla baba yangu taratibu. Lilianza na randa na misumeno yake, likaenda kwa ng'ombe, likamalizia na ini lake. Kila jioni Mama alikuwa anasimama mlangoni na kumwambia neno moja: "Nipumulie." Na kila jioni Baba alikuwa anageuza uso.

Siku tuliyomzika, Mama alichukua jembe akalifukia shimo lile akiwa bado na kanga ya msiba kiunoni. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Kwa hiyo Makarius aliponiambia ananipenda, pale kibarazani ninaposhonea nguo, sikumwuliza kama ana shamba wala kama ana nyumba. Alikuwa ameleta suruali ya kupunguza, na sindano ilikuwa bado mdomoni mwangu.

"Unakunywa?" nilimwuliza.

"Chai, sana."

"Usinichekeshe. Nasema pombe."

Alinitazama kwa yale macho yake ya upole, macho ya mtu asiye na haraka ya kuondoka. "Sinywi, Irakoze. Na kama ningekuwa nakunywa, ningeacha leo."

Nilimwamini. Halafu akapata nafasi ya kwenda Korea kujifunza kilimo cha mboga, akakaa huko karibu mwaka mzima, nami nikabaki nikishona na kusali. Alikuwa akinipigia simu kwetu kukiwa jioni, kwao usiku umeshakolea, akinisimulia habari za bibi mmoja mjane aliyempangisha chumba. Alimwita Halimoni, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha yao. Alinieleza theluji, treni, na jinsi Halimoni alivyomwekea mezani, asubuhi, mchana na jioni, kabichi iliyokolea pilipili mpaka ikawa nyekundu, inayoitwa kimchi.

"Ina ladha gani?" nilimwuliza siku moja.

Alifikiri mpaka nikadhani simu imekatika. "Siwezi kuisema," alijibu. "Siku ukiionja utaniambia wewe."

Alirudi. Akatuma washenga Kibondo. Na Mama, kabla ya kuwajibu, akasema atakwenda kwanza kuiona nyumba.

"Nikiridhika nitatoa jibu palepale," aliniambia usiku wa kuamkia safari. "Nisiporidhika, Irakoze, usinibembeleze. Nimeshabembelezwa vya kutosha katika maisha yangu."

*

Makarius alikuwa amesimama mwanzo wa shamba lake, amevaa shati jeupe nililomshonea kabla hajasafiri. Nyuma yake kabichi zilipanda mlima zikiwa zimejikunja vizuri, na ardhi nyekundu katikati yake. Aliponiona nikishuka kwenye pikipiki hakusogea. Mbele ya mama mkwe mtarajiwa mtu hakimbilii binti wa watu. Lakini macho yake yalinifikia kabla ya mikono, yakanizunguka, yakanipokea. Niliona haya nikatazama kandambili za Shangazi.

"Mwiriwe, Mama," alisema, akainama. "Mwiriwe, Shangazi. Karibuni sana."

"Mwiriwe, baba," Mama alijibu kwa sauti ndogo.

"Huyu ndiye aliyekwenda kwenye barafu?" Shangazi Dorcas alimzunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Mbona hajawa mweupe?"

"Niliwekwa kivulini, Shangazi."

"Na maneno unayo. Irakoze, huyu atakuchosha."

Nilimwona Mama akiificha midomo kwa ncha ya kanga. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Karibu acheke, nikasema. Bado kidogo.

Nyumba ilikuwa safi. Viti vilikuwa vimefutwa, ukutani kulikuwa na msalaba na picha ya marehemu babu yake, na maji ya kunawa yalikuwa tayari ndani ya jagi. Makarius aliomba radhi akaingia jikoni kusonga ugali mwenyewe. Shangazi akanikonyeza. Mama alikaa akipitisha macho juu ya kila kitu, kisha akanyanyuka.

"Unakwenda wapi, wifi?" Shangazi aliuliza.

"Nyuma."

"Umeshaona sebule. Inatosha."

"Sebuleni kila mtu anafagia," Mama alisema, akatoka.

Nilimfuata bila wasiwasi wowote. Tulipita banda la kuku, tukapita kamba ya nguo, tukafika kwenye migomba. Hapo Mama alisimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

Chini ya mgomba mkubwa kulikuwa na shimo. Lilikuwa limefunikwa kwa majani ya mgomba mabichi, yamewekewa mawe pembeni. Katikati ya majani ulitokeza mdomo wa mtungi wa udongo, mtungi mnene mweusi, wa aina ileile. Juu yake kulikuwa na kitambaa kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na kitambaa kilikuwa kimelowa kwa kitu kilichofurika kutoka ndani.

Na ilisikika sauti. Tulipotulia tuliisikia sote wawili. Ilikuwa ndogo, ya kuchemka pasipo moto, mapovu yakipasuka moja baada ya jingine.

Mama hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Aliita tu kwa sauti ya kawaida, "Makarius, njoo."

Alikuja na mwiko mkononi. Alipoona tulipo uso wake ulichangamka, maskini, kama mtoto aliyekutwa akificha zawadi.

"Ah, Mama, mmeshaiona. Nilitaka niwashangaze."

"Umenishangaza," Mama alisema. "Fungua."

Alipiga magoti akafungua kamba. Povu lilipanda mpaka mdomoni mwa mtungi, likashuka. Harufu ikatoka ikiwa imeshiba uchachu, ikatujaa puani. Nilirudisha mguu mmoja nyuma bila kukusudia, na ninajua Makarius aliona.

"Ni kimchi, Mama. Ni kabichi tu."

"Kabichi haitoi povu."

"Hii inatoa, kwa sababu..."

"Baba, sikiliza." Mama alikuwa amefumba macho. "Mimi povu hilo nalifahamu kuliko ninavyoifahamu mikono yangu. Mtungi naufahamu. Shimo nalifahamu. Jani la mgomba nalifahamu. Mume wangu naye alikuwa na jina la kila kitu. Leo ni dawa ya tumbo, kesho ni juisi ya wageni. Wewe umekwenda mbali zaidi kuliko yeye, ndiyo maana jina ulilolileta ni geni."

"Mama, naapa..."

"Usiape. Mungu hahitajiki kwenye mtungi." Akajifunga kanga vizuri. "Irakoze, chukua mkoba. Dorcas, twende."

Shangazi alikuwa amefika akitafuna karanga. "Wifi, jamani, si tungekula kwanza halafu ndiyo tukasirike? Nimesikia harufu ya samaki jikoni."

Mama alikuwa ameshaanza kuondoka. Shangazi akanitazama, akamtazama Makarius, akatikisa kichwa, akamfuata wifi yake njiani akiwa bado ameshika karanga zake.

*

Tulibaki wawili na mtungi katikati.

Makarius alikuwa bado amepiga magoti. Unga wa ugali ulikuwa umeganda kwenye vidole vyake. "Nawe unafikiri hivyo?" aliuliza.

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa pale kooni, lakini harufu ya uchachu ilikuwa imenirudisha kwenye mlango wa nyumba yetu, nikiwa mdogo, nimeshika sketi ya Mama, nikimwona Baba akigeuza uso. Nikanyamaza. Kimya changu kikamwingia kama mwiba.

"Sawa," alisema.

"Mbona ulifukia, Makarius? Kwenye shimo la ndizi, kati ya mahali pote hapa."

"Kwa sababu wao hufukia. Halimoni alikuwa na mitungi nyuma ya nyumba, imezikwa ardhini mpaka shingoni. Aliniambia udongo unaipoza, isichache kwa pupa. Nilipofika nyumbani nikajiuliza, nitapata wapi mahali pa baridi? Shimo lilikuwepo, babu alilichimba zamani, halijatumika miaka. Majani nikayaweka kuzuia jua."

"Na hukufikiria mtu wa kwetu akiona mtungi kwenye shimo la ndizi ataona nini?"

"Sikufikiria." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilikuwa naona kabichi tu, Irakoze. Nilikuwa namwona akilini mama yako akila. Siku nilipoaga, yule bibi alinipa mfuko wa pilipili yao ya unga, alianika mwenyewe juu ya paa la nyumba. Akaniambia, usiipike hovyo, ipikie watu watakaokuwa wako. Nimeitunza tangu nirudi. Sijaionja hata mimi. Nilikuwa nasubiri leo."

Upepo ulipita kwenye migomba. Huko njiani nilisikia sauti ya Shangazi ikibishana, ikizidi kuwa ndogo.

"Ulirudi nyuma," Makarius alisema polepole. "Nilipofungua. Niliona mguu wako."

"Nilishtuka."

"Mama yako ana haki ya kushtuka, hanijui. Wewe unanijua." Hakupandisha sauti. "Nikikuoa, Irakoze, kila siku nitakayochelewa shambani utanisimamisha mlangoni?"

Swali lile liliniuma kwa sababu nililijua jibu lake. Nilijua kwamba ningesimama. Ningekuwa mke wa Makarius na bado ningesimama mlangoni kumngoja baba yangu.

Nikainamisha kichwa. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema tu moyoni, Bwana, unitoe pale mlangoni. Kisha nikapiga magoti upande wa pili wa shimo, gauni langu la safari likaingia kwenye udongo.

"Nipe nionje."

Makarius aliniangalia kama hakusikia. Halafu alichovya mwiko ndani ya mtungi, akainua robo ya kabichi. Ilitoka ikichuruzika, nyekundu, kila jani limepakwa pilipili mpaka ndani kabisa, na kati ya majani nikaona vipande vya kitunguu saumu na kitu chembamba cha rangi ya fedha.

"Ni dagaa wetu," alisema. "Wa ziwani. Kule wanatia samaki wao, mimi nikatia dagaa wa Kigoma." Akachana jani moja, akalipeleka mdomoni mwake.

Nilimshika mkono.

Kwetu anayempa mgeni kitu cha mtungini huonja kwanza yeye, ili mgeni ajue hamna ubaya. Nilimwona babu akifanya hivyo, nilimwona Baba. Ni heshima. Nami siku ile sikuitaka heshima hiyo.

"Usionje," nilimwambia.

"Ni desturi, Irakoze. Nionje uone nimebaki vilevile."

"Ukionja kwanza nitakuwa nimeuamini ulimi wako. Nataka nikuamini wewe."

Mkono wake ulitulia ndani ya mkono wangu. Macho yake yalijaa maji, na hakuyaficha. Akageuza lile jani, akalileta kwangu, nami nikafungua mdomo.

Kwanza ilikuwa baridi. Ubaridi wa ardhi, kama maji ya chemchemi. Halafu ikalia chini ya meno, kabichi ngumu bado, kru, kru, kama haikuwahi kuondoka shambani. Halafu chumvi. Halafu uchachu ukaja wote kwa pamoja, ukanikaza mashavu, uchachu wa embe bichi tulilokuwa tunachovya kwenye chumvi tukitoka shule, na nyuma yake ukali mdogo unaotekenya ulimi kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikafikiri basi, nimeshaijua. Hapo ndipo pilipili ilipofika. Ilikuwa inapanda mlima polepole, haichomi kama pilipili kichaa yetu, inapasha moto, midomo, kisha koo, kisha masikio. Na chini ya vyote hivyo, mwisho kabisa, nilipomeza, kulikuwa na dagaa. Ladha ya nyumbani imekaa kimya chini ya vitu vya ugenini.

Machozi yalinitoka. Nilianza kucheka na machozi yakiendelea.

"Niambie," Makarius alisema. "Nilisema utaniambia wewe."

"Nipe tena."

"Irakoze, niambie kwanza."

"Ina..." Nilijifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Ni kama mtu aliyekuwa ananigombeza, halafu nikagundua ananipenda. Nipe tena."

Alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake halisi, kile nilichokuwa nakisikia kwenye simu kutoka upande mwingine wa dunia. Akanipa jani la pili. Nilikuwa natafuna, midomo imeungua, kidevu chekundu, vidole vyangu bado vimeshika kifundo cha mkono wake, Mama aliposema nyuma yangu:

"Nimerudi kumchukua binti yangu."

*

Alisimama karibu na kamba ya nguo. Shangazi Dorcas alikuwa nyuma yake, anahema.

"Nilikaa chini barabarani," Shangazi alieleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Nikamwambia, wifi, mimi nina magoti mabovu na njaa, na mtoto tumemwacha. Tukirudi Kibondo bila mtoto watasema nini?"

Mama hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wangu, macho yangu mekundu yenye maji. Niliona hofu yake yote. Alinijia, akasimama mbele yangu, karibu sana.

"Nipumulie."

Sijawahi kumsikia akilisema neno lile tangu tumzike Baba. Nilisimama. Sikugeuza uso. Nilimtazama mama yangu machoni, nikafungua mdomo, nikampumulia pumzi yangu yote usoni, taratibu, mpaka ikaisha.

Alifumba macho. Pua yake ilifanya kazi kama ilivyozoea miaka mingi, ikitafuta kile kitu. Tulingoja. Hata Shangazi aliacha kutafuna.

"Kitunguu saumu," Mama alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Tangawizi. Pilipili." Akavuta hewa tena. "Na... nini hii?"

"Dagaa," alisema Shangazi, ambaye alikuwa ameshainama juu ya mtungi. "Ninawaona. Wifi, mimi pombe nimeziona nyingi, nyingine siwezi kukutajia nilizionaje. Yenye dagaa sijaiona."

Mama alifungua macho. Aligeuka kwa Makarius, aliyekuwa amesimama ameinamisha kichwa. "Na wewe. Nipumulie."

Ni jambo zito kumwambia hivyo mwanamume asiye wako, na mbele ya watu. Makarius angeweza kukataa na hakuna ambaye angemlaumu. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Mama, akapumua.

Mama alikunja uso. "Wewe hujala kitu."

"Sijala, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nimefunga kwa ajili ya siku ya leo."

Mama anafunga kila Ijumaa kwa miaka yote niliyomjua. Pumzi ya mtu aliyefunga hakuna wa kumdanganya nayo. Nami nikakumbuka lile jani alilokuwa analipeleka mdomoni. Alikuwa tayari kuuvunja mfungo wake ili mimi nitulie, na hakunieleza. Nilimtazama naye akanitazama, muda mfupi tu, na nafikiri ndani ya muda ule ndipo tulipooana. Mengine yote yaliyofuata yalikuwa taratibu za kanisa.

"Maziwa ya mgando nayo yanachacha, Mama," Makarius alisema kwa upole. "Hayalevyi. Hii ni ndugu yake."

Mama aliutazama mtungi. Kisha akasema, "Geuka."

"Mama?"

"Geuka, angalia kabichi zako." Alilelewa hivyo, mama mkwe hali mbele ya macho ya mkwe wake, na nilipolisikia neno lile moyo wangu uliruka, kwa sababu mtu asiye mkwe hahitaji kugeuzwa.

Makarius akageuka. Akasimama ametupa mgongo, mikono nyuma kama mwanafunzi, akizitazama kabichi zake zilizopanda mlima.

Mama alichukua jani kwa vidole vyake mwenyewe. Alilinusa. Aliomba, niliona midomo ikisogea. Akatia mdomoni.

Mama alitafuna. Alikunja jicho moja. Mashavu yakamkaza, akajishika taya, akameza, kisha pilipili ikamfikia na akapuliza kwa nguvu kama anayepoza uji.

"Inafanana na nini, wifi?" Shangazi aliuliza.

"Subiri."

"Nasubiri, lakini na mimi..."

"Dorcas, subiri." Akachukua jani jingine, kubwa kuliko la kwanza. "Inafanana na mihogo ya mama yangu. Ile aliyokuwa anaivundika, siku ya kuifungua, kabla haijaanikwa. Tulikuwa tunaiba vipande." Sauti yake ilikuwa imelainika. "Miaka yote hii nilidhani nimeichukia harufu hii. Kumbe ilikuwa ya mama yangu kabla haijawa ya mume wangu."

Kuku mmoja alipita akichakura.

"Chumvi umezidisha," Mama aliuambia mgongo wa Makarius.

"Nimesikia, Mama," mgongo ukajibu.

"Na ugali uko wapi? Mtu analeta kitu kama hiki bila ugali?"

"Uko jikoni, Mama. Nadhani umeungua."

"Ameunguza," Shangazi alisema mdomo ukiwa umejaa, kwani hakuwa amesubiri. "Kijana amevuka bahari, amesoma, amerudi, ameunguza ugali." Kisha pilipili ikampata naye. Aliruka akilia maji, maji, akitafuta jagi ambalo lilikuwa sebuleni, kandambili moja ikabaki kwenye migomba, karanga zikamwagika, na kuku wote wa Makarius wakamjia mbio.

Hapo mama yangu alicheka.

Alicheka mpaka akashika mgomba. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake kina mlio mwembamba mwishoni, kama wa msichana. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Bwana, nilisema, umenipa yote mawili, na umenipa na nyongeza.

Alipokwisha kucheka alijifuta macho, akaufunga mtungi kwa kile kitambaa, kamba akaikaza vizuri. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau nikizeeka. Mama yangu, aliyefukia shimo la baba yangu kwa jembe, alipiga magoti kwenye ukingo wa shimo la Makarius, akaondoa mawe, akaanza kuyapanga majani ya mgomba upya, jani juu ya jani, kwa mikono iliyokuwa inajua kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa.

"Umefunika vibaya," alisema. "Unaacha nafasi, joto linaingia, ndiyo maana imefurika. Jani linalazwa hivi. Na la juu yake linakatisha, hivi."

"Sioni, Mama. Nimegeuka."

"Nitakuonyesha siku nyingine." Akapigapiga jani la mwisho, akaweka jiwe. "Mtungi huu ni mdogo. Watu wa Kibondo wanakula, na wote watakuja. Wiki ya kabla ya harusi uchimbe shimo jingine, kubwa. Nitakuja mapema nilisimamie mwenyewe."

Nilisikia vizuri. Makarius naye alisikia, kwa sababu mabega yake yalipanda, yakashuka, na mikono yake iliyokuwa nyuma ikashikana kwa nguvu hadi vidole vikabadilika rangi. Lakini hakuthubutu kusogea.

"Mama," alisema. "Naruhusiwa kugeuka sasa?"

Mama alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akahakikisha hakuna pilipili iliyobaki kidevuni. Akanitazama, akamtazama.

"Geuka, mwanangu."